Linux ikikataa kusakinisha programu: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mtu kaweka Ubuntu kwenye laptopu yake, kaletewa faili la .deb (kifurushi cha programu) kwa flashi, kaandika amri ya kulisakinisha, `sudo dpkg -i`, na terminali ikamjibu kwa mistari kumi ya kulalamika kuhusu vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavihitaji. Akiomba msaada hakosi washauri. Shida ni kwamba ushauri mwingi anaopewa huzidisha ugonjwa.

"Faili limeharibika, lipakue upya."

Lipakue mara kumi, jibu litakuwa lile lile. dpkg hufungua kifurushi na kupanga mafaili mahali pake. Maktaba zinazohitajika, yaani msimbo ambao programu nyingi hushirikiana, zikikosekana itakuambia, lakini kwenda kuzitafuta si kazi yake. Hiyo ni kazi ya APT, msimamizi wa vifurushi aliyeingia mwaka 1999 katika toleo la 2.1 la Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Kwa hiyo andika `sudo apt install ./programu.deb`, na usiiache ile nukta na mkwaju wake. Bila hivyo APT hudhani umetaja kifurushi kilichoko kwenye hazina (ghala la programu mtandaoni), si faili ulilonalo. Kama dpkg imeshakuacha njiani, `sudo apt --fix-broken install` humalizia kilichobaki. Ila wakati mwingine "kumalizia" kwake ni kukiondoa kile kifurushi chako kabisa, basi soma kwanza inachotaka kufanya.

"`apt update` italamba bando lote."

Hapana. Hiyo hushusha orodha tu ya vilivyomo kwenye hazina. Inayoshusha programu zenyewe ni `apt upgrade`. Anayeikwepa `update` ili kubana matumizi huishia kupata kosa la 404, maana orodha yake ya zamani inamwelekeza kwenye toleo lililokwisha kuondolewa kwenye seva.

"Imekosekana maktaba moja tu, itafute mtandaoni uibandike."

Hapa ndipo mashine nyingi huharibikia. Chukua mfano wa libssl1.1, maktaba ya mradi wa OpenSSL ambayo programu huitumia kulinda mawasiliano. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 na kuiacha libssl1.1, hivyo programu iliyojengwa kwa ajili ya 20.04 ikifika pale hukosa inachokitafuta. Mjanja wa kwanza atakuambia utengeneze kiungo, yaani jina la pili la faili: ipe libssl.so.3 jina la libssl.so.1.1, mambo yaishe. Hiyo ni kumvika mpita njia kanzu ya bwana harusi. Mlangoni atapita, lakini shehe akianza kumuuliza maswali ataumbuka. Programu haiangalii jina la faili peke yake. Hutafuta ndani yake alama ya toleo, `OPENSSL_1_1_0`, isipoiona inagoma.

Mjanja wa pili atakuambia uchukue .deb ya libssl1.1 kutoka Ubuntu ya zamani. Hii kwa kweli hufanya kazi, kwa kuwa majina ni tofauti na maktaba zote mbili huweza kukaa pamoja. Lakini umeiingiza kwa mkono, na hakuna hazina ya toleo lako itakayoiletea viraka vya usalama. Mradi wa OpenSSL wenyewe ulisitisha huduma ya bure kwa tawi la 1.1.1 Septemba 2023. Mimi ningetafuta kwanza programu hiyo hiyo iliyojengwa kwa ajili ya 22.04.

Kwa glibc, maktaba ya msingi ya mfumo mzima, usijaribu mchezo huo hata kidogo. Ukiona `GLIBC_2.34 not found` kwenye Ubuntu 20.04, ambayo ina 2.31, programu yako imejengwa kwenye mfumo mpya kuliko wako. Karibu kila kitu, hata `ls` na bash, kinaiegemea maktaba hiyo. Ukiibadilisha kwa mkono, huenda usipate hata amri ya kurudisha ulichoharibu.

Na kuna maktaba ambazo hazijapotea, zimebadilishwa jina tu. Katika Ubuntu 24.04, libasound2 inaitwa libasound2t64. Herufi hizo za mwisho zinatokana na kazi ya kupanua hesabu ya muda kwenye mifumo ya biti 32, ambayo ingegota Januari 2038.

"Imesema `held broken packages`, kwa hiyo kuna kifurushi nimekizuia."

Ujumbe huu umepotosha wengi. Andika `apt-mark showhold`. Mara nyingi haitaonyesha chochote. Mkosaji wa kawaida ni mchanganyiko wa hazina: PPA (hazina ya ziada ya mtu binafsi) ya toleo jingine, au hazina ya Debian iliyopachikwa kwenye Ubuntu. Watu wa Debian wana jina la mashine za namna hiyo, FrankenDebian. `apt policy` pamoja na jina la kifurushi itakuonyesha kila toleo linatoka wapi, na hapo mgeni asiyealikwa huonekana.

"Ikisema imefungwa, futa faili la kufuli."

Subiri dakika chache. Mara nyingi ni masasisho ya kiotomatiki yanaendelea nyuma ya pazia. Ukivunja kufuli, michakato miwili itaandika kwa pamoja kwenye hifadhidata moja ya dpkg na huenda ikaivuruga.

"Ikiuliza, jibu Y."

Katika video ya Novemba 2021, Linus Sebastian wa YouTube alikuwa anasakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, Linux iliyojengwa juu ya Ubuntu. APT ilimwonya kwamba itaondoa vifurushi vya lazima, ikamtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!" Akaiandika, na dawati lote, yaani madirisha na menyu anazozitumia, likaondoka. Chanzo kilikuwa kasoro ya vifurushi kwenye hazina, si yeye, na baadaye APT ilibadilishwa isikubali tena kufuta vifurushi vya lazima kwa sentensi hiyo. Lakini onyo lilikuwepo mbele ya macho yake. Kabla ya kujibu, tafuta mstari wenye neno `REMOVED`. Ukikuta chini yake majina usiyoyategemea, hasa yenye `desktop` ndani yake, bonyeza n.