Je, wajua hati ya uwakilishi ya kawaida inakufa siku ile ile unayoihitaji?

Watu wengi wakishaandika hati ya uwakilishi, ile tunayoiita pawa ofu atoni, yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka akufanyie mambo yako, wanatulia kabisa, wanajua basi nikiugua mke wangu au mwanangu ataenda benki atoe hela ya matibabu. Hapo ndo kuna mtego. Kwa sheria za asili ya Uingereza, hati ya kawaida inafanya kazi vizuri ukiwa na akili zako timamu, umesafiri tu au uko bize. Ukipigwa na kiharusi ukawa hujitambui, au ukaanza kusahau mpaka majina ya watoto, basi na hati nayo imekwisha.

Kwa nini sasa? Uliyemteua hana mamlaka yake mwenyewe, ameazima ya kwako. Anafanya kile ambacho wewe ungeweza kukifanya leo, na mtu asiyeweza kuamua hawezi kuuza, kukopa wala kusaini mkataba, kwa hiyo hakuna tena cha kuazima. Afu kuna hili: ukiwa mzima ukaona mwakilishi anaboronga unamfuta siku hiyo hiyo, sasa usipojitambua nani atamfuta?

Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1879, Drew dhidi ya Nunn. Mume alimwachia mkewe achukue bidhaa kwa mkopo kwa muuzaji fulani, baadaye akapata ugonjwa wa akili, mke akaendelea kuchukua na muuzaji wala hajui kitu. Mume alipopona akagoma kulipa! Jaji Brett akasema mtu akiwa hawezi tena kujifanyia mambo, aliyemteua naye hawezi kumfanyia. Ila deni mume alilipe tu, maana yeye ndo alimwonyesha muuzaji kwamba mkewe anamwakilisha na hakuna aliyemjulisha kwamba mambo yamebadilika.

Dawa yake ni hati ya uwakilishi ya kudumu, yaani inasema wazi kwamba mamlaka yataendelea hata aliyeiandika akipoteza uwezo wa kuamua. Jimbo la Virginia kule Marekani liliruhusu hivyo kwa sheria mwaka 1954, Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 1985, na tangu 2007 wana mfumo mpya ambao hati lazima isajiliwe kwanza ndo itumike.

Usipokuwa nayo, familia inaenda mahakamani kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali zako, ripoti za daktari, gharama, miezi inapita, na huyo atakayeteuliwa huenda wewe usingemchagua kabisa. Kuwa mume au mke peke yake hakukupi ruhusa ya kugusa akaunti ya mwenzio.

Muda ndo kila kitu hapa, kwa sababu unatakiwa kusaini ukiwa unaelewa unachosaini. Aliyeanza kusahausahau bado anaweza, mradi siku hiyo anaelewa, ila ukichelewa zaidi hakuna wakili wa kukusaidia. Wengine wanaandika hati ianze tu pale daktari atakapothibitisha hali yao, mi naona inachelewesha, kama humwamini mtu leo kwa nini umwamini siku huwezi kumchunga?

Na "ya kudumu" siyo milele. Ukifa inaishia hapo hapo, mwakilishi hata awe mwanao wa kwanza hana tena ruhusa ya kutoa hata senti, hapo ni zamu ya msimamizi wa mirathi.