Kabla ya bulo la kwanza: kurudisha vipande vya gari la zamani bila kuumiza rangi

Alama ya mchubuko ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Iko kwenye kona ya kushoto ya kapo, yaani boneti ya mbele, karibu na kioo cha mbele, kwenye Volkswagen ya mgongo wa duara, hii tunayoiita Kokisineli hapa Lubumbashi. Nimefanya kazi ya bodi na rangi miaka mingi, na alama hiyo niliiweka mimi mwenyewe.

Ilikuwa jioni, kazi ya siku karibu imekwisha. Kijana wangu alishika kapo upande wa kulia, mimi wa kushoto, na kwa mkono mmoja nikawa napapasa tundu la bulo (bolti) la kwanza. Kapo likateleza kurudi nyuma, sentimita mbili hivi. Likalia tik.

"Patroni, imegusa?"

Nikamjibu hapana. Ilikuwa imegusa.

Bawaba za kapo la Kokisineli ziko nyuma, upande wa kioo. Mabulo yakiwa hayajakaza, kona zake mbili zinaangalia moja kwa moja bati lililo chini ya kioo. Hapo panahitaji watu watatu: wawili washike tu, wasiguse spana, na wa tatu afunge. Siku hizi kila kona naivalisha skochi ya karatasi mara tatu, na juu ya lile bati natandika blanketi la pamba lililokunjwa. Skochi hiyo naibandua jioni ileile, maana ikilala siku kadhaa juu ya rangi mpya huacha gundi, na saa nyingine huondoka na rangi.

Lakini skochi na blanketi ni bima tu. Ukweli ni kwamba rangi nyingi ninazoona zimechubuka kwenye gari lililorudishwa upya zilihukumiwa kabla hata bunduki ya rangi haijajazwa. Gari lenye miaka hamsini limeshagongwa, limeshachomelewa, limeshabadilishwa mlango kwa mlango wa gari lingine. Bawa jipya (madigadi) lililotoka dukani nalo halikai kama la kiwandani, matundu yake yanapishana na ya bodi kwa milimita tatu, nne. Ukiligundua hilo baada ya kupiga verni, ile rangi angavu ya juu, utafanya nini? Utachukua bisibisi nene, utasukuma, utachonga kwa tupa, na yote hayo juu ya rangi ya mteja.

Kwa hiyo mimi nafunga gari zima likiwa bado na apre ya kijivu, rangi ya msingi. Zima kabisa: milango, kapo, mabawa, parshoki (bampa), taa, vipande vya kromu, hata nembo yenye miguu miwili. Nafungua na kufunga mlango mpaka uwazi wake uwe sawa juu na chini, halafu naongeza kidogo, kwa sababu rangi na verni vikipanda kwenye kingo zote mbili uwazi unapungua. Wateja hulalamika kwamba nachelewa. Walalamike.

Mlango na kapo vikishakaa sawa, natoboa tundu la milimita tatu linalopenya bawaba na bati lililo chini yake. Siku ya kurudisha, nachomeka ncha ileile ya keekee kama msumari kwenye tundu hilo, na bawaba inarudi palepale ilipokuwa. Hakuna kusukumasukuma. Kama ningelifanya hivyo kwa lile kapo, nisingekuwa napapasa tundu gizani. Nililiruka kwa sababu nililiona jepesi.

Jambo jingine la kabla: nyuzi za ndani ya kila tundu la bulo zisafishwe. Rangi iliyoingia humo hubana bulo katikati ya safari, mkono unaongeza nguvu, spana inateleza, na inapoishia unapajua.

Halafu kuna kungoja. Verni ya siku hizi inayochanganywa na kigumishi huweza kuguswa kesho yake, lakini ndani bado ni laini, na inahitaji wiki kadhaa kukomaa. Hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi kali, na baridi huchelewesha kigumishi sana. Wakati wa mvua shida ni unyevu hewani, ambao unaweza kuipa verni ukungu mweupe. Sisomi kalenda. Siku ya kupiga rangi napiga pia kipande cha bati chakavu, tabaka zilezile, na kukitundika ukutani. Nikitaka kujua kama gari liko tayari, nafunga bulo na rondeli (washa) kwenye kipande hicho, nakaza, nafungua. Rondeli ikiacha duara lililozama, narudi kwenye kazi nyingine.

Siku ya kufunga, pete na saa vinabaki mezani. Mkanda wenye bizimu ya chuma pia, maana huo ndio unaochora mstari kwenye bawa fundi akiinama, naye hajui. Mabulo yote ya bawa yaingizwe kwa vidole kwanza, ndipo yakazwe kidogokidogo. Kwenye Kokisineli kuna utepe wa mpira kati ya bawa na bodi. Uloweshe kwa maji ya sabuni uteleze mahali pake. Usitumie dawa ya silikoni. Ikibaki chembe moja na baadaye ukahitaji kurudia rangi, rangi itakimbia na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Kioo cha mbele kinaingia na mpira wake: kamba nyembamba imezungushwa ndani ya mfereji wa mpira, maji ya sabuni, mmoja anasukuma taratibu kwa nje, mwingine anavuta kamba akiwa ndani. Ukiona mtu anakuja na bisibisi, mtoe nje.

Mafuta ya breki ndiyo ninayoyaogopa kuliko chuma. Haya ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hula rangi, na chombo chake kwenye Kokisineli kipo mbele, chini ya hilohilo kapo. Nikiyajaza, ndoo ya maji iko mguuni. Tone likianguka, mwagia maji mengi mara moja. Ukilifuta kwa kitambaa unalitandaza.

Na vumbi jekundu la kiangazi lisipanguswe likiwa kavu. Ni msasa huo.

Mwenye Kokisineli ile, mzee mstaafu wa reli, alipokuja kuchukua gari lake alilizunguka mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu akaweka kidole palepale.

"Na hapa, mwanangu?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimejaza alama kwa kijiti cha meno, rangi kwanza, kisha verni, nikangoja, nikasugua kwa msasa wa maji namba 2000 na kung'arisha. Asubuhi, jua likiwa bado chini, bado inaonekana.

"Naiona," akasema, akaingia garini.