Interkalesheni: siri ya betri inayokubali kuchajiwa tena

Waliokua na redio ya betri wanakumbuka kuzianika juani zikianza kufifia, ili zisukume tena taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Jua lilisaidia kidogo tu. Ndani ya betri ile, ganda la zinki lilikuwa linaliwa kila redio inapoimba, na zinki iliyokwisha kuliwa hairudi kuwa ganda. Betri ya simu haifi namna hiyo. Hutoa umeme mchana, huchajiwa usiku, na mchezo huo huendelea kwa miaka. Tofauti yao kubwa imo katika dhana moja: interkalesheni.

Maana yake ni hii: atomi ngeni, au ioni (atomi yenye chaji ya umeme), inajipenyeza katikati ya tabaka za kitu kigumu bila kuzivunja, kisha inaweza kutoka na kukiacha kitu kile karibu kama ilivyokikuta. Ukificha noti kati ya kurasa za kitabu, kitabu kinanenepa kidogo. Ukizitoa, kinarudi kilivyokuwa na hakuna ukurasa uliochanika. Zinki ya redio haikuwa kitabu, ilikuwa kuni.

Kitabu kinachotumika sana ni kinywe, au grafaiti, madini yaleyale yaliyomo katika kijiti cheusi cha penseli. Kinywe ni kaboni. Atomi zake zimejipanga kwa pembe sita kama sega la nyuki, karatasi juu ya karatasi. Ndani ya karatasi moja zimeshikana kwa nguvu sana, lakini karatasi na karatasi zimeegemeana tu, ndiyo maana penseli ikipita juu ya daftari huacha vipande vyake. Kati ya karatasi mbili pana nafasi ya nanomita 0.335. Simu inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka upande wa kathodi, yaani ncha chanya ya betri, huogelea ndani ya elektroliti, kitu kinachopitisha ioni kati ya ncha mbili, na kuingia humo, hadi atomi moja ya lithiamu kwa kila sita za kaboni. Kinywe huvimba kwa takriban asilimia 10 tu. Unapoitumia simu, ioni hurudi zilikotoka, nazo elektroni huzunguka kwa njia ya nje, kupitia kioo na spika. Huo ndio umeme wako.

Kuifikia hali hiyo hakukuwa rahisi. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya Exxon, alipenyeza lithiamu katika tabaka za titaniamu disalfaidi, lakini upande wa pili aliweka lithiamu yenyewe ikiwa metali tupu, na hiyo huota miiba inayoweza kuleta shoti na moto. John Goodenough na wenzake huko Oxford walitangaza kathodi ya lithiamu na kobalti mwaka 1980. Kuhusu kinywe, nataka jina moja lisisahaulike: Rachid Yazami, mwana wa Fez nchini Morocco. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa Grenoble, Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katika kinywe ndani ya seli ya betri. Elektroliti za kimiminika za wakati ule zilikuwa zinaingia pamoja na lithiamu na kubandua karatasi za kinywe, kwa hiyo yeye alitumia elektroliti ya polima ngumu. Akira Yoshino wa Japani aliunda seli yake mwaka 1985 kwa kaboni itokanayo na mafuta ya petroli, na Sony wakaziingiza betri hizi sokoni mwaka 1991. Tuzo ya Nobel ya 2019 ilikwenda kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Yazami hakuwemo, ingawa mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Draper ya uhandisi. Mtoto wa shule wa Afrika anayesoma kemia anastahili kulijua jina hilo.

Watafiti wa leo wanahangaika kwa sababu kinywe kimefika ukomo wake wa kubeba chaji: miliampea-saa 372 kwa gramu, basi. Silikoni inaweza kubeba karibu mara kumi ya hizo, lakini haiwi kitabu. Inaungana na lithiamu na kutanuka zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake, ikinywea tena inapasuka, na baada ya mizunguko kadhaa inabaki vumbi. Kwa hiyo hutiwa kidogo ndani ya kinywe, au husagwa hadi chembe za nanomita zenye nafasi ya kutanukia. Sodiamu, iliyo tele na rahisi, nayo inagoma kukaa vizuri katika kinywe. Imelazimu itafutiwe kaboni ngumu yenye karatasi zilizovurugika na vijishimo vya kujificha.

Huku kwetu Tanzania kinywe kimelala ardhini Mahenge, wilayani Ulanga, kwa vipande vikubwa ving'aavyo. Lakini jiwe la Mahenge si anodi bado, yaani ile ncha hasi ya betri inayopokea lithiamu. Lazima lisafishwe hadi kaboni ifike asilimia 99.95, chembe zake zisagwe ziwe za mviringo, kisha zivikwe utando mwembamba wa kaboni nyingine, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa sana hufanyika China.