Tangi Likisoma Robo: Saa Zangu za Kwanza na Days Gone

Mpwa wangu alikuja Tabora likizo na PS4 yake kwenye begi la mgongoni, akaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni bila hata kuomba ruhusa. "Mjomba," akaniambia, "hili gemu ni lako kabisa. Lina mazombi, ila kazi kubwa humo ni pikipiki." Mazombi sina habari nao. Pikipiki ndiyo ugali wangu: huu ni mwaka wa kumi na nne nakaa chini ya mwembe hapa Isevya nikifungua kabureta za bodaboda, na kucha zangu hazijatakata tangu siku ya kwanza. Nikavuta kigoda.

Ninayoandika ni ya saa kumi na mbili za mwanzo tu, tena za usiku usiku, umeme ukiwa na huruma. Mwisho wa hadithi siujui, na mpwa wangu nimemkataza asinisimulie.

Kwa wasiolijua: Days Gone lilitoka Aprili 2019 kwenye PS4, likaja kwenye kompyuta Mei 2021, na 2025 likapigwa msasa kwa ajili ya PS5. Waliolitengeneza ni Bend Studio, watu wa Oregon huko Marekani, na dunia waliyoijenga ni ya kwao nyumbani: milima, misonobari, theluji, barabara za lami zenye kona kona. Unamwongoza Deacon St. John, mtu wa genge la waendesha pikipiki. Ugonjwa umelipuka, watu wamegeuka kuwa viumbe wanaoitwa Freaker. Mwanzoni kabisa mkewe, Sarah, amechomwa kisu. Deacon anampakia kwenye helikopta, yeye anabaki na rafiki yake Boozer ambaye naye ameumia. Kisha tunarushwa miaka miwili mbele. Sarah hayupo, serikali haipo, na hao wawili wanabangaiza maisha porini.

Hapo bado nilikuwa natazama kwa adabu tu, kama mtu anayetazama picha za harusi ya jirani. Lililonikamata ni wizi.

Pikipiki ya Deacon inaharibika. Inahitaji pampu ya mafuta, anaiacha ilipo na kwenda kuitafuta. Anaporudi, haipo. Akija kuiona tena imeshachinjwa, spea zimegawanywa, na fundi wa kambi anamkabidhi nyingine, dhaifu, aanze upya. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja aliniletea tangi la Boxer, anauza. Nililigeuza. Upande wa kulia kulikuwa na sehemu iliyobonyea ambayo niliigonga mwenyewe kwa nyundo ya mpira, nikaipaka rangi nyekundu ambayo haikukubaliana na ile ya kiwandani. Mwenye pikipiki ile alikuwa ameshapita kwangu mara tatu kuuliza kama nimesikia lolote. Kwa hiyo Deacon aliposimama pale akitazama mahali patupu, sikuhitaji kuelezwa alichokuwa anakisikia moyoni.

Watu wengi wanaozungumzia gemu hili huanza na mazombi. Mimi naona wamekosea mlango. Kinachotisha humu ni geji ya mafuta. Unapovuta mkono wa mafuta, ile geji inashuka huku unaitazama, na tangi la mwanzo ni dogo kwelikweli. Boxer ya 150 ya hapa kwetu ina tangi la lita 11 hivi, ukiijaza unaenda Sikonge na kurudi, na mafuta ya kuzungukia mjini yanabaki. Ya Deacon inakunywa kama imetoka jangwani. Na haina riziva! Sisi tumezoea: mafuta yakikata unainama, unazungusha koki upande wa riziva, injini inashika tena, unajua una kilomita kadhaa za kutafuta sheli au mwenye mafuta ya chupa. Deacon hana koki ya kumhurumia.

Ila kuna jambo wamelipata sawasawa. Ukiteremka mlima ukaachia mkono, pikipiki inaserereka yenyewe na geji inatulia. Waendesha bodaboda wanaujua mchezo huo, tena wao huzima injini kabisa, kitu ambacho huwa nawagombeza kwa sababu unapoteza nguvu ya injini kukushikia mwendo na breki peke yake inabeba mzigo wote. Baada ya saa tatu nne za kucheza nilianza kuchagua njia kwa kuangalia miteremko, si kwa kuangalia ufupi. Gemu limenifundisha kusoma barabara kama abiria asiye na nauli ya kurudia.

Halafu kuna suala la kuseva, yaani kuhifadhi pale ulipofikia. Ukiwa porini huwezi kuseva popote unapotaka. Lazima uwe karibu na pikipiki yako, vinginevyo utafute kitanda. Mara ya kwanza nililiona kero. Nimekufa mara nne nikiwa nimeiacha mbali, nimerudishwa nyuma nusu saa nzima, mpwa wangu anacheka mpaka anakohoa. Sasa naegesha pua ikitazama barabara, juu ya mwinuko, njia ikiwa wazi. Hata kuruka kwenye ramani kutoka sehemu moja hadi nyingine kunakula mafuta vilevile, na kama njiani kuna viota vya Freaker ambavyo hujavichoma moto, huruki. Magemu mengi ya ramani kubwa niliyoyaona kwa vijana, chombo cha usafiri ni nguo tu: ukikiacha unapiga mluzi kingine kinakuja. Hapa ukikiacha umeacha roho yako pale.

Usiku wa tatu ndio nilioelewa. Kulikuwa na kituo cha NERO, lile shirika la serikali la dharura lililokuwepo wakati mambo yanaharibika. Vituo hivi havina umeme: unatafuta dumu la mafuta, unajaza jenereta, unaiwasha, milango inafunguka, na ndani kuna bomba la sindano ambalo likikuingia unachagua kuongeza uhai, pumzi au umakini. Mtego ni kwamba juu ya nguzo na mapaa kuna spika. Umeme ukirudi zinaanza kutangaza, na Freaker wote wa jirani wanasikia. Kwa hiyo kwanza unazunguka ukikata nyaya, kisha ndiyo unawasha.

Nilikata. Nikahesabu. Nikawasha jenereta. Spika moja, nyuma ya jengo, ikaanza kuhutubia.

Walianza kutoka mitini wawili wawili, halafu sikuweza kuhesabu. Haya makundi makubwa mchana hulala mapangoni na usiku hutoka kutafuta chakula na maji. Na saa hizo ilikuwa usiku, kwangu na kwa Deacon pia. Nikakimbia mpaka kwenye pikipiki, nikawasha, taa ikapiga barabarani, na macho yangu yakaenda palepale yanapoendaga yakiwa kazini. Kwenye geji. Robo. Kambi iko ng'ambo ya mlima. Naapa jasho lilinitoka. Mpwa wangu anapiga kelele "vuta mkono Mjomba, vuta!" na mimi namjibu kwamba nikivuta yataisha. Nilifika kwa kuserereka, kuvuta kidogo, kuserereka tena. Mama watoto aliuliza kutoka chumbani kama kuna mgonjwa.

Sasa niseme kama fundi, maana kuna mambo nimeshindwa kuyameza.

La kwanza ni hayo mafuta yenyewe. Miaka miwili dunia imekufa, lakini Deacon anaokota dumu lililokaa juani kando ya sheli, anamimina, pikipiki inawaka kwa pigo moja. Haiwezekani. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi vinavyoruka upesi. Vile vyepesi ndivyo vinavyosaidia injini baridi kuwaka, na ndivyo vinavyotangulia kupotea. Vinavyobaki vinakutana na hewa taratibu, vinageuka gundi. Kwenye dumu la plastiki lisilofungwa vizuri, miezi michache inatosha kuanza kuyaharibu. Na petroli nyingi ya Marekani huchanganywa na ethanoli, ambayo inavuta maji, kwa hiyo hali inakuwa mbaya zaidi. Mteja mmoja wa Urambo alisafiri akaacha pikipiki yake ndani karibu mwaka mzima. Ilipoletwa kwangu, nilifungua bakuli la kabureta nikakuta kimiminika cha rangi ya chai kavu, kinanuka kama vanishi ya fundi seremala, na tundu la jeti limezibwa kiasi kwamba ukiliangalia kuelekea juani huoni mwanga. Nililizibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki, saa nzima. Oregon yote ingetakiwa kunuka vanishi.

Najua, najua, gemu lingekuwa la kwenda kwa miguu.

La pili ni pancha. Barabara zimejaa magari yaliyogongana na vioo vilivyopasuka, na mtu anapita juu yake kila siku bila pancha hata moja. Cheni nayo hailegei. Nimeruka na ile pikipiki kutoka kwenye miamba, nikatua kwa kishindo, cheni iko palepale imetulia kama ya dukani.

Kinachoharibika ni pikipiki nzima kwa mkupuo: ukigonga au ukiruka vibaya, kuna mstari wa afya unaopungua, moshi unatoka, ukifika mwisho haiendi. Dawa ni skrepa. Deacon anapiga goti, unashikilia kitufe, mstari unajaa. Skrepa hiyohiyo inatibu injini, inatibu rimu, inatibu kila kitu. Wateja wangu wangeipenda sana dunia hiyo. Lakini namna ya kuipata imenifurahisha: unaenda kwenye gari lililotelekezwa, unafungua boneti, unachokonoa. Wakati mwingine unapata filta ya oili, ambayo Deacon anaichanganya na skrepa kutengeneza kizuia sauti cha bunduki. Magari ya kuvutia magari mabovu huwa na madumu ya mafuta, kwa hiyo nikiliona kwa mbali nafurahi kama nimeona baa iliyo wazi. Aliyeandika sehemu hiyo amewahi kukaa gereji, hilo silitilii shaka.

Na eksozi! Vijana wa hapa wananiletea pikipiki mpya nitoboe eksozi ili inguruke, wasichana wa mtaa wa Ng'ambo wajue nani amepita. Kwenye gemu unalipa ili ipigwe kimya, kwa sababu kila ngurumo ni mwaliko. Nilinunua eksozi ya kimya kabla ya kununua injini yenye nguvu, mpwa wangu akaona nimepotea. Yeye angenunua gesi ya kuongeza kasi.

Manunuzi hayo yana siasa yake. Kambi ziko kadhaa, na pesa uliyochuma kambi moja haifanyi kazi kambi nyingine. Ya Copeland ni nzuri kwa pikipiki. Ya Tucker ina silaha nzuri zaidi, lakini mama huyo anawafanyisha watu kazi kama punda, na ukimpelekea mtu uliyemwokoa unalipwa vizuri. Copeland analipa kidogo ila anakuamini zaidi, na bila kuaminiwa fundi hakuuzii vifaa vizuri. Mimi nimepeleka wote kwa Copeland. Nilijiambia ni utu. Ukweli nilikuwa nataka tangi kubwa.

Upande wa maongezi sikuvutiwa. Deacon anazungumza peke yake kwa sauti kubwa porini, mahali ambapo kelele ni kifo, na misheni nyingi za kufuata nyayo chini zinafanana mpaka nasinzia. Sura za watu nzuri, mvua na theluji nzuri kuliko zote. Matope yanapoanza unasikia tairi la nyuma linavyocheza, kama barabara zetu za vumbi mvua za masika zikishika. Wenye kompyuta watenge GB 70 kwenye diski na RAM isipungue GB 8, na msijaribu kulipakua kwa bando la simu, mtalia.

Mpwa wangu anaondoka Jumapili na treni ya Mwanza, na PS4 inaondoka naye. Jana usiku umeme ulikatika nikiwa njiani kwenda kutafuta mafuta. Nilikuwa nimetoka kuseva dakika moja kabla: pikipiki imeegeshwa juu ya mwinuko, pua barabarani, geji chini ya robo. Dumu nimeliona, jekundu, kando ya gari la kuvutia magari. Kuna Freaker sita wamelizunguka, na ninazo risasi nne.