Mkanda wa Usalama Garini: Je, Sheria Ina Haki ya Kutulazimisha?

Mkanda wa usalama hufanya kazi gani?
Gari linapogonga kitu husimama ghafla, ilhali mwili wa abiria huendelea kwenda kwa kasi ileile hadi uzuiwe. Mkanda huuzuia kwenye nyonga, kifua na bega, ambako mifupa ni imara. Asiyefunga huzuiwa na usukani, kioo au kiti kilicho mbele yake.

Mwili ni wangu. Kwa nini sheria iniingilie?
Kwa sababu mwili huo haumuumizi mwenyewe peke yake. Abiria wa nyuma asiyefunga humrukia aliyeketi mbele yake, hata kama huyo wa mbele amefunga, na sisi wa chumba cha dharura huwapokea wote wawili. Kitanda na damu watakayohitaji ni vya umma. Jimbo la Victoria nchini Australia lilipitisha sheria ya kulazimisha mkanda mwaka 1970. Nchini Kenya, kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha mikanda katika matatu kuanzia Februari 2004. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi nusu.

Nikiona trafiki huupitisha kifuani bila kuufunga. Haitoshi?
Haitoshi. Mkanda ulioshikwa kwa mkono haukusaidii chochote, kwa kuwa kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa pigo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10, na hakuna mkono unaoweza kulihimili. Wapo wanaolalamika kwamba mikanda ya matatu huchafua shati, lakini shati hufuliwa.

Na nikienda karibu tu?
Funga. Ukikaa nyuma, funga. Trafiki asipokuwepo, funga, maana ajali haisubiri kizuizi cha polisi.

Mjamzito na mtoto je?
Mjamzito afunge, mkanda wa chini ukipita chini ya tumbo na ule wa juu katikati ya matiti. Mtoto asipakatwe ndani ya mkanda wa mzazi, kwa sababu uzito wa mzazi utamponda. Awe na kiti chake kinacholingana na umri na kimo.

Baada ya ajali nina alama ya mkanda tumboni, lakini sioni shida. Nisubiri?
Usisubiri hata usiku mmoja. Utumbo, ini au wengu huweza kuwa umejeruhiwa na maumivu yakachelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda hospitalini moja kwa moja ukamwonyeshe daktari alama hiyo.