Mishipa iliyotuna miguuni: tunayoyasikia na yalivyo

Neno "mshipa" tumelibebesha mzigo mzito. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, kuna ule wa shingo unaokaza ukilala vibaya, na kwa wazee wa Pwani mtu "mwenye mshipa" ana ngiri au busha. Ndiyo maana ukimwambia jirani kuwa mshipa wa mguu unakusumbua, mmoja atakupeleka kwa mchuaji, mwingine atakuletea dawa ya ngiri. Hapa nazungumzia vena peke yake, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Damu iliyo mguuni ina mlima wa kupanda. Inayoipandisha ni misuli ya shavu la mguu, inayoikamua kila unapopiga hatua, na ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kilango kikilegea, damu hushuka tena. Vena hujaa, hutanuka, mwishowe hujikunjakunja chini ya ngozi kama nyungunyungu. Mengi ya mitaani huanguka mtu akishalielewa hilo.

"Hiyo ni damu chafu, itolewe"

Kinachodanganya ni ile rangi ya buluu inayoonekana nje. Kumbuka mara ya mwisho ulipotolewa damu ya kipimo kwenye kiwiko: ilitoka kwenye vena, na ilikuwa nyekundu iliyokoza. Si uchafu. Imekwisha kugawa oksijeni yake na inarudi kuchukua nyingine mapafuni. Ukiumikwa au kuchanjwa chale juu ya vena iliyotuna, kilango kilicholegea kiko vilevile, damu itajaa palepale, nawe umejiongezea jeraha kwenye ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Hijama ina wapenzi wake, sina ugomvi nao. Ila si mahali hapo.

"Amekunja nne mno"

Kukaa umekunja nne hakujathibitika kuleta mishipa hii. Kuirithi, ujauzito, umri, uzito mkubwa na kazi za kusimama kutwa ndivyo vinavyochangia. Wanaume nao wanaipata, ila suruali inaificha. Ya ujauzito mara nyingi hunywea miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia upasuaji na mtoto angali mikononi.

"Kidonda hakiponi, kuna kitu amekanyaga"

Hili nimelishuhudia nyumbani. Shangazi yangu alisimama mbele ya jiko la vitumbua miaka mingi. Kwanza mguu ulikuwa ukivimba jioni na kupungua asubuhi. Kisha ngozi ya upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, ikawa nyeusi, ngumu, inawasha usiku. Siku moja akajikuna, kikatokea kidonda kidogo kama shilingi, kikakaa miezi saba. Kila mgeni alikuja na lake: tego, donda ndugu, jicho la mtu. Na kila asubuhi alifungua kidonge cha rangi mbili akamwagia unga wake juu ya kidonda.

Kidonda cha vena hakiponi kwa sababu damu imetuama pale na ngozi inakosa lishe. Unga wa antibayotiki hauiondoi damu iliyotuama. Mara nyingi huiwasha ngozi zaidi. Kinachokiponya hasa ni kubana: bendeji inayofungwa kuanzia mwanzo wa vidole hadi chini ya goti, imara zaidi kifundoni na kulegea kidogo kadiri inavyopanda. Lakini mhudumu apime kwanza kama ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zinafikisha damu vidoleni, maana kuubana mguu unaokosa damu ni kuuharibu. Sukari nayo ipimwe. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa 450, ulionyesha kuwa nusu ya waliozibwa mapema vena mbovu pamoja na kufungwa bendeji walipona ndani ya siku 56, na nusu ya waliocheleweshewa tiba hiyo ndani ya siku 82.

"Mchue kwa mafuta ya moto"

Hapa sina mzaha. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, safari ndefu au kulala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani. Ukiukanda kwa nguvu, bonge linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akianza kuhema kwa shida au kifua kumchoma, asingoje hata saa moja. Dawa zake ni kama heparini, wafarini au rivaroksabani, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi. Haziyeyushi bonge, kama wengi wanavyodhani. Hulizuia lisikue wakati mwili wenyewe unaliondoa. Ukiacha dawa kwa kuwa mguu umepungua, unaanza upya.

"Ukiutoa mshipa, damu itapita wapi?"

Itapita kwenye vena za ndani, ambazo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu tangu mwanzo. Vena ndefu ya juujuu, ile inayotoka kifundoni hadi kinenani, madaktari huichukua kutengenezea njia mpya za damu kwenye moyo, na mguu unaendelea na kazi. Tena siku hizi si lazima ing'olewe. Daktari hutazama kwa ultrasaundi, hupitisha uzi mwembamba ndani ya vena na kuichoma kwa leza au mawimbi ya redio, chini ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani kwa miguu yake. Pengine huchomwa sindano ya povu inayoigandisha vena ikanywea. Huduma hizi si kila hospitali inazo. Ulizia daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu. Vena nyingine zinaweza kutuna baadaye, hilo mgonjwa aambiwe kabla ya kulipa.

"Ikipasuka, funga kanga juu ya goti"

Kanga hiyo huizuia damu isipande, nayo hutoka kwa kasi zaidi chini. Mlaze chali, inua mguu juu kuliko moyo, kandamiza penye tundu kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia.

Shangazi kidonda kilifunga. Sasa anavaa soksi za kubana, huzivaa kabla hajashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba. Kwa joto la Tanga anazichukia kabisa, na kila jioni akizivua hutukana kampuni iliyozitengeneza.