Sheria ya Quebec ya 1774 haikuwa adhabu ya chai ya Boston

Kila mwaka, nikisahihisha insha za historia, hukutana na dai lilelile: kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Quebec mwaka 1774 ili kuwakomoa Wamarekani, waliokuwa bado chini ya utawala wake, kwa kumwaga chai bandarini Boston wakipinga kodi. Nimechoka kulikata kwa kalamu nyekundu. Chai ilimwagwa tarehe 16 Desemba 1773, ilhali Guy Carleton, gavana wa Quebec, koloni la Uingereza katika Kanada ya leo, alikwenda London tangu 1770 kuishawishi serikali ibadili utawala wa koloni lake, na wanasheria wa mfalme walikwisha kuombwa maoni yao. Panga tarehe kwanza, ndipo utafute sababu.

Sababu yenyewe iko Quebec. Waingereza waliuteka mji wa Quebec kutoka kwa Wafaransa mwaka 1759, wakakabidhiwa koloni rasmi kwa Mkataba wa Paris wa 1763, na Oktoba mwaka huohuo Tangazo la Kifalme likaahidi bunge la kuchaguliwa na sheria za Kiingereza. Ahadi hiyo haikutekelezeka. Wakazi wapatao 70,000 walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa, Waprotestanti waliohamia walikuwa mamia tu, na viapo vya Kiingereza, vilivyokana imani ya Kikatoliki, vilimzuia Mkatoliki kushika wadhifa. Kwa hiyo bunge lolote lingekuwa la wafanyabiashara wachache wakiwatawala wengine wote, jambo ambalo Gavana James Murray, na Carleton baada yake, hawakulitaka. Mahakamani nako ilibishaniwa kama shamba lirithiwe kwa desturi ya Paris, yaani sheria ya Kifaransa, au kwa sheria ya London. Carleton, mwanajeshi aliyehofia vita vingine na Ufaransa, alitaka mapadri na mamwinyi wa ardhi wawe upande wa mfalme. Ndiyo maana sheria iliruhusu dini yao, ikawawekea kiapo wanachoweza kukila, na ikarudisha sheria za Kifaransa katika mali na madai. Ni kweli kwamba kusogezwa kwa mpaka wa Quebec hadi mto Ohio kuliwaudhi Wamarekani, nao wakaijumlisha na sheria za kuiadhibu Boston. Lakini kulalamikiwa pamoja si kutungwa kwa sababu moja.

Makosa mengine ya insha hizo ni mepesi kusahihisha. Sheria za Kifaransa hazikurudishwa zote, kwa kuwa jinai ilibaki ya Kiingereza. Wala Wakanada, yaani hao wakazi wa Quebec wenye asili ya Kifaransa, hawakupewa bunge: walipewa baraza la wajumbe 17 hadi 23 wa kuteuliwa, na bunge la kuchaguliwa likaja kwa sheria ya 1791.

Na wanaoandika kwamba Wakanada wote waliishangilia Sheria ya Quebec wawaulize wakulima, ambao sheria hiyo iliwarudishia zaka ya lazima kwa Kanisa. Majeshi ya Marekani yalipovamia mwaka 1775, Askofu Jean-Olivier Briand aliwahimiza waumini wake wamtetee mfalme, na wengi wao wakabaki mashambani.